Somo: Kumfundisha taamuli mtu ambaye mawazo yake hayatulii

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha taamuli nilifanya kosa ambalo nisingependa mwalimu mwenzangu alirudie. Niliwaketisha wanafunzi 9 mkekani, nikawaambia wafumbe macho na kuifuata pumzi kwa dakika 20. Kijana mmoja, fundi cherehani aliyekuja kwa sababu alikuwa akisahau vipimo vya wateja kabla hajaviandika, alianza kugongagonga goti kwa kidole dakika ya tatu. Dakika ya sita aliinuka, akavaa viatu mlangoni, na hakurudi tena. Alikuja kutafuta umakini, nami nikamdai umakini huohuo kuwa kiingilio.

Taamuli ninayoizungumzia ni kuzingatia jambo linalotendeka sasa hivi bila kulihukumu. Mtafiti Jon Kabat-Zinn aliiingiza katika matibabu mwaka 1979, katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, kwa mafunzo ya wiki 8 ambayo mazoezi yake ya nyumbani yalikaribia dakika 45 kwa siku. Kipimo hicho kinamwelemea mwanafunzi wetu. Daktari Lidia Zylowska na wenzake wa Los Angeles, walipoyafanyia marekebisho kwa ajili ya watu wazima na vijana wenye ADHD, yaani hali ya kushindwa kutulia na kuzingatia, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, walianza na dakika 5 wakapanda hadi 15, na asiyeweza kuketi aliruhusiwa kutembea. Utafiti huo ulikuwa mdogo na haukuwa na kundi la kulinganishia, kwa hiyo tusimwahidi mtu kupona, ila utaratibu wake ndio ninaoufuata.

Hatua ya kwanza ni maneno, na yasemwe kabla ya zoezi lolote. Mweleze mwanafunzi kwamba kazi yake si kuyazuia mawazo yasiondoke, bali kugundua kwamba yameondoka na kuyarudisha taratibu. Akiyarudisha mara 30 katika dakika 5, amefanya zoezi mara 30. Mtu aliyeambiwa tangu utotoni kwamba ni mzembe huona kila wazo linalotoroka kuwa ushahidi mwingine dhidi yake. Mwambie pia kwamba watafiti Killingsworth na Gilbert wa Chuo Kikuu cha Harvard walipowauliza watu kwa simu, saa mbalimbali za siku, walichokuwa wakikiwaza, waligundua kuwa akili zao zilikuwa kwingine karibu asilimia 47 ya nyakati hizo. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2010, na nimeona mabega ya watu yakishuka wanapoyasikia.

Hatua ya pili, anza na mikono. Wengi hutumia zabibu kavu. Mimi hutumia chungwa, kwa kuwa lina mengi ya kushika. Mwanafunzi alimenye polepole kwa dakika 3, akihisi ganda linavyokaza na kuachia chini ya kidole gumba, ule unyevu mwembamba wa mafuta unaoruka na kuwasha kijikwaruzo kidoleni, kisha nyuzi nyeupe zilizong'ang'ania nyama ya tunda. Hapa hata asiyetulia hutulia, na anapata kujua hali tunayoitafuta inafananaje.

Ndipo tunaingia kwenye pumzi. Aketi kitini, nyayo chini, macho yakitazama sakafu hatua mbili mbele, kwani giza la macho yaliyofumbwa huyapa mawazo uwanja mpana. Ahesabu pumzi 1 hadi 5, na akipotea aanze tena 1. Wiki ya kwanza dakika 2 zinatosha. Gonga bilauri kwa kijiko kuanza na kumaliza. Katikati, kila nusu dakika, sema neno moja tu, "rudi", kwa sauti ya mtu anayemkaribisha mgeni ndani.

Anayeshindwa kuketi atembee peku, hatua 10 kwenda na 10 kurudi, akihisi kisigino kikigusa chini kabla ya vidole. Hilo ni zoezi kamili, lisitolewe kama faraja ya walioshindwa.

Maswali ya wanakikundi

Mwalimu, mimi ni Mwislamu, na mume wangu anahofu kwamba hii ni ibada ya dini nyingine.

Asante, dada. Mizizi yake imo katika dini ya Kibudha, na si haki kulificha hilo. Ninachofundisha hakina dua wala jina linaloitwa, lakini mwonyeshe mumeo zoezi lenyewe, mkamuulize pia sheikh mnayemwamini kabla hujaendelea.

Mwanangu ana miaka 9. Aanzie wapi?

Alale chali, umwekee kitu chepesi tumboni akitazame kikipanda na kushuka kwa dakika 1, nawe ulale kando yake ufanye vilevile. Usimpe zoezi hili kama adhabu.

Nikikaa kimya moyo unaenda mbio na mambo ya zamani yananijia. Je, nivumilie?

Hapana, ndugu yangu. Fungua macho, simama, kanyaga sakafu, taja vitu 5 unavyoviona. Hali hiyo ikijirudia, acha zoezi ukamwone mtaalamu wa afya ya akili. Na mwenye dawa za ADHD asiziache bila daktari wake kumwambia.

Nimeruka siku 4, je, nifidie?

Usifidie. Leo dakika 2, na chungwa kama lipo.