Ninavyofunga baluni za upepo nyuma ya Hilux

Hilux nyingi ninazofunga hapa Kigoma hubeba dagaa kutoka Kibirizi kwenda Kasulu, na nyuma huwa zimelala hata taa za mbele zinamulika miti. Baluni za upepo, yaani mifuko ya mpira inayojazwa upepo, huinua gari ikae sawa. Haziongezi uzito inaoruhusiwa kubeba. Mteja namwambia hilo kabla sijashika spana.

Zuia matairi ya mbele kwa mawe, piga jeki, egemeza chesisi kwenye stendi, ekseli ining'inie. Usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake, hata dakika moja. Ng'oa raba za kugongea, zile zinazozuia ekseli isigonge chesisi, funga baluni kati ya chesisi na ekseli, isiguse bomba la breki wala springi.

Kazi yenyewe iko kwenye mpira wa upepo, ule mrija unaopeleka upepo kwenye baluni. Ukate kwa wembe mpya, ncha inyooke, isikae mshazari. Ukitumia koleo ncha inabonyea, na usiku upepo unatoka taratibu. Niliwahi kurudia gari nzima kwa kosa hilo. Upitishe mbali na eksozi, angalau sentimita 15. Kila upande uwe na mpira na valvu yake, maana ukiunganisha, kwenye kona upepo unakimbilia upande mwepesi na gari inazidi kulala.

Jaza, paka povu la sabuni kila kiungo, tazama vipovu. Baluni ninazofunga mimi, gari ikiwa tupu sishuki chini ya PSI 5 (kipimo cha upepo). Ikipakiwa, ongeza kidogo kidogo bila kuvuka kiwango cha kwenye kitabu cha baluni. Asubuhi pima tena kabla hujamkabidhi mwenyewe.