Jinsi ya kuifanya video ya somo isimame na kumuuliza mwanafunzi

Mtu anaweza kutazama video ya somo mwanzo hadi mwisho na asibaki na kitu. Ndiyo maana ninapotengeneza somo la mtandaoni, maswali huja kwanza na kamera hufuata. Naandika yale ambayo mwanafunzi lazima aweze kuyajibu, kisha naamua kila swali litokee sekunde ya ngapi. Mfano wangu hapa ni somo la mzunguko wa damu ndani ya moyo, video ya dakika 5. Utahitaji HTML, JavaScript kidogo na ffmpeg, programu ya kubadilisha na kubana video. Usitegemee kitu ambacho kivinjari hakikielewi chenyewe. Masomo mengi yalijengwa kwa Flash, programu ya nyongeza iliyowekwa kwenye kivinjari, na Adobe walipoacha kuihudumia mwishoni mwa Desemba 2020, yasiyohamishwa yakabaki hayafunguki.

Kabla ya kupakia chochote, piga hesabu ya uzito. Chukua kilobiti kwa sekunde, zidisha kwa idadi ya sekunde, gawanya kwa 8 upate kilobaiti, kisha kwa 1,000 upate megabaiti. Video ya dakika 5 yenye kilobiti 2,000 kwa sekunde inafika megabaiti 75. Ikishushwa hadi kilobiti 500 inakuwa kama megabaiti 19. Sauti peke yake kwa kilobiti 64 ni megabaiti 2.4 tu, na hapo ndipo ninapojiuliza kama picha inayotembea inahitajika kweli. Sura ya mwalimu anayeongea haihitajiki. Damu inayopita kwenye vali za moyo inahitajika.

Amri ninayotumia kupunguza uzito ni hii:

```
ffmpeg -i moyo.mov -vf scale=-2:480 -c:v libx264 -crf 26 -c:a aac -b:a 64k -ac 1 -movflags +faststart moyo.mp4
```

Namba ya crf ikipanda, faili linapungua na picha inafifia; jaribu kati ya 23 na 28 uangalie kama maandishi ya kwenye mchoro bado yanasomeka. Usiache `+faststart`. Inahamishia faharasa ya faili mwanzoni, hivyo video inaanza kucheza kabla haijashuka yote.

Ukurasani iweke hivi:

```
<video id="somo" controls playsinline preload="metadata" poster="moyo.jpg">
  <source src="moyo.mp4" type="video/mp4">
  <track kind="captions" src="moyo.vtt" srclang="sw" label="Kiswahili" default>
</video>
```

`preload="metadata"` inamwachia mwanafunzi aamue mwenyewe lini aanze kutumia data yake. `playsinline` inaizuia simu ya iPhone isiifungue video kwenye skrini nzima, maana hapo kisanduku cha swali hakitaonekana. Video isijianzishe yenyewe. Vivinjari vingi huzuia video yenye sauti kufanya hivyo, na ni vizuri. Faili la manukuu lianze na neno `WEBVTT` kwenye mstari wa kwanza, na kwenye muda utumie nukta, si mkato: `00:01:12.000`. Ukijaribu kwenye kompyuta yako kwa kubofya faili mara mbili, manukuu huenda yasitokee kwa sababu za usalama wa kivinjari. Washa seva ndogo kwa `python3 -m http.server` ndani ya folda ya somo, kisha ufungue `localhost:8000`.

Sasa skripti, ambayo ndiyo kiini cha kazi yote:

```
const video = document.getElementById("somo");
const maswali = [
  { sekunde: 72, rudi: 40, kisanduku: "swali1", limejibiwa: false },
  { sekunde: 165, rudi: 130, kisanduku: "swali2", limejibiwa: false }
];

video.addEventListener("timeupdate", () => {
  const s = maswali.find(x => !x.limejibiwa && video.currentTime >= x.sekunde);
  if (!s) return;
  video.pause();
  if (video.currentTime - s.sekunde > 1) video.currentTime = s.sekunde;
  document.getElementById(s.kisanduku).hidden = false;
});

function jibu(s, sahihi) {
  document.getElementById(s.kisanduku).hidden = true;
  if (sahihi) s.limejibiwa = true;
  else video.currentTime = s.rudi;
  video.play();
}
```

Angalia alama ya `>=`. Tukio la `timeupdate`, yaani taarifa ya kivinjari kwamba muda wa video umesogea, halitokei kwa kila nukta ya muda. Mara nyingi hutokea kila robo sekunde hivi. Ukiandika kwamba muda uwe sawasawa na 72, video itatoka 71.9 kwenda 72.15 na swali litapitwa. Faida nyingine ni kwamba mwanafunzi akiisogeza video mbele, atarudishwa kwenye swali la kwanza ambalo hajalijibu.

Nataka utumie muda wako mwingi kwenye ile `rudi`, yaani sekunde anayorudishwa aliyekosea. Alama nyekundu ya kosa haimfundishi mtu. Swali langu la kwanza linauliza damu kutoka mapafuni inaingia chumba kipi cha moyo. Jibu ni chumba cha juu kushoto, lakini wanafunzi huchagua cha kulia kwa sababu mchoro umechorwa kana kwamba mwenye moyo anakutazama: kushoto kwake kuko kulia kwako. Kwa hiyo sekunde ya 40 ndiyo pale sauti inapoeleza hilo. Akikosea anarudishwa palepale, anasikiliza tena, na swali linamfikia upya. Kama kila jibu lisilo sahihi lina chanzo chake, lipe sekunde yake ya kurudia.

Majibu yawe `<button>` halisi, kila moja ikiita `jibu` inapobonyezwa. Kisanduku kikifunguka, hamishia `focus()` kwenye kitufe cha kwanza ili anayetumia kibodi au programu ya kusomea skrini afike moja kwa moja. Na kwa kuwa anayejua kufungua skripti anaweza kuona majibu, usitumie mbinu hii kwa mtihani wa alama. Huo usahihishwe kwenye seva.

Kukumbuka alipofikia, `localStorage`, hifadhi ndogo ya kivinjari, inatosha, ila inakaa ndani ya kivinjari kile kile. Kwenye kompyuta inayotumiwa na wengi, anayefuata atakuta maendeleo ya mwenzake. Kama somo linaingia Moodle au mfumo mwingine wa masomo, lifungashe kwa SCORM 1.2, kiwango cha kufungasha masomo ya mtandaoni cha mwaka 2001 ambacho mifumo mingi bado inakipokea. Skripti yako itaanza na `LMSInitialize`, itaandika sekunde kwenye `cmi.core.lesson_location` na hali ya somo kwenye `cmi.core.lesson_status`, itaita `LMSCommit` baada ya kila jibu, na kufunga kwa `LMSFinish`. Usisubiri mwisho ndipo uhifadhi, kwa sababu watu hufunga ukurasa wakati wowote. Ukitumia `cmi.suspend_data`, sehemu ya kuhifadhia maelezo ya kuendelezea somo baadaye, kikomo chake ni herufi 4,096. Unapotengeneza faili la zip, chagua vilivyomo ndani ya folda, si folda yenyewe: kama `imsmanifest.xml`, faili linaloorodhesha vilivyomo kwenye kifurushi, halipo ngazi ya juu kabisa, mfumo utakikataa.