SOMO: Kuendesha darasa la kuchora kwa rangi la kutuliza akili, kwa watu wasiojua kuchora kabisa (Dodoma)

Habari zenu wapendwa. Wengi mmenifuata pembeni mnauliza haya madarasa yetu ya Jumamosi tunayaendeshaje, nimeona niandike mara moja yakae hapa kila mtu asome.

Kabla hujakimbilia kununua rangi elewa kitu kimoja. Mtu haji kwako kujifunza kuchora, anakuja kupumzika, kwa hiyo kazi yako wewe mwenyeji ni kumpunguzia maamuzi. Wiki nzima kaamua ofisini, kaamua nyumbani watoto wale nini, sasa amefika kwako unamwekea rangi ishirini halafu unamwambia "chora chochote unachojisikia", hapo umemrudisha kazini kabisa.

Hatua ya 1: mahali na muda

Watu wanane mpaka kumi basi, wakizidi tafuta msaidizi. Masaa mawili yanatosha. Mimi napenda kuanza saa tisa na nusu mchana ili giza likiingia watu wameshamaliza, maana chini ya taa ya njano mtu anachanganya rangi moja akifika nyumbani anakuta nyingine. Uwani panapendeza lakini upepo wa huku mnaujua, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa kumi hivi vumbi likitua kwenye rangi mbichi halitoki tena, kwa hiyo kaa ndani fungua madirisha ya upande usio na upepo, au kaeni nyuma ya ukuta. Karatasi zibandike mezani kwa ile selotepu ya karatasi ya mafundi rangi.

Hatua ya 2: vifaa

Rangi iwe akriliki, inachanganywa na maji na haina harufu ya kuumiza kichwa. Nunua nyekundu, njano, bluu na nyeupe, na nyeupe iwe kopo kubwa kuliko zote kwa sababu ndiyo inayokwisha kwanza. Nyeusi iache dukani. Anayeanza ukimpa nyeusi ataitia kila mahali, dakika kumi picha nzima imekuwa tope.

Kanvasi za dukani ni ghali kwa darasa la kwanza. Anzeni na manila nzito, au mwambie fundi seremala akukatie fremu ndogo, unavuta kitambaa cha amerikani unakigonga pini kwa nyuma, halafu unapaka mikono miwili ya rangi nyeupe ya maji ya ukutani uliyoitia gundi nyeupe ya mbao kidogo. Ikikauka inashika akriliki vizuri tu.

Kila mtu apate brashi pana ya inchi moja (za hadiwea zinafaa) na nyembamba moja, kitambaa kikuukuu, na makopo MAWILI ya maji, la kuoshea na la maji safi, na muwe na ndoo ya akiba maana bomba la huku halina ahadi. Halafu kuna kitu ambacho wa Dar hawakihitaji sana kama sisi: chupa ya kupulizia maji ya saluni. Hewa yetu ni kavu, akriliki inakaukia kwenye sahani kabla haijafika kwenye karatasi, kwa hiyo mimina kidogo kidogo na pulizia kila baada ya muda.

Nguo: shati kuukuu juu ya nguo zake. Akriliki ikidondoka ioshwe hapo hapo kwa maji na sabuni, ikikauka umeikaribisha kwenye familia.

Hatua ya 3: robo saa ya kwanza

Hapa ndipo darasa linapokufa au kupona. Simu kwenye kikapu, zisitoe sauti. Salamu ndiyo, vyeo hapana. Huu ni mji wa serikali jamani, mkianza kujitambulisha kila mtu na anapofanyia kazi mmoja ataibuka mkurugenzi, mwingine yupo fildi, na yule wa fildi hatapumua tena mpaka jioni. Majina ya kwanza tu.

Kisha kila mmoja achore visanduku sita kwenye kipande cha karatasi, cha kwanza bluu tupu, cha pili aongeze nyeupe kidogo, hivyo hivyo mpaka cha mwisho kikaribie weupe. Waambie brashi iende taratibu kutoka kushoto kwenda kulia huku wanatoa pumzi. Hakuna wa kukosea hapa, na mabega utayaona yanashuka yenyewe. Msiongee, muziki wa chini usio na maneno unatosha, wakianza kuimba umeshawapoteza.

Hatua ya 4: picha yenyewe

Chagua mbuyu wakati wa machweo. Mbuyu wa kiangazi hauna majani, na hata umbo likienda upande nenda Bahi au Chamwino utaukuta wa hivyo hivyo umesimama.

Anza na anga kwa brashi pana. Chini njano, juu yake rangi ya chungwa, kisha nyekundu yenye nyeupe, juu kabisa bluu. MSIRUKE hiyo nyekundu ya katikati, njano ikigusana na bluu moja kwa moja mbingu inageuka kijani watu wanaanza kuguna. Hapo simamisha kazi mnywe chai na karanga, huku anga inakauka. Mkirudi changanyeni bluu, nyekundu na njano kidogo, mtapata kahawia nzito karibu na weusi. Pakeni ardhi, halafu shina pana chini likipungua kwenda juu, matawi mafupi yaliyochanguka kama mizizi. Brashi ishikwe mbali na manyoya yake, mkono ukilegea na tawi linalegea.

Hatua ya 5: mdomo wako

Usimwonyeshe mtu picha iliyokamilika mwanzoni, atatumia masaa mawili kujilinganisha nayo. Usimpokonye brashi ukamrekebishia. Usimsifie mmoja kwa sauti, wengine saba wamesikia kwamba hawakusifiwa. Anayesema "nimeharibu" mwambie aache ikauke apake juu yake, akriliki inaficha kila kitu.

Kuosha brashi washirikishe. Maji machafu yaache yatulie kwenye ndoo usiku mzima, mwaga ya juu, tope la chini likikauka litupe na taka, usilimwage kwenye sinki.

MASWALI YA WADAU

Dada wa mtaa wa Kisasa: Nichaji shilingi ngapi?
Mpendwa, gawa mafungu mawili. Vinavyoisha (rangi, karatasi, chai) gawanya kwa idadi ya watu. Vinavyobaki (brashi, sahani, chupa) gawanya kwa madarasa kumi, usimbebeshe mtu wa kwanza brashi zote. Ongeza pango na jasho lako. Na atakayelipa nusu kwa simu mapema ndiye mwenye kiti, wa "nitakuja" hawaji.

Kaka mmoja: Hivi inatuliza kweli au mnatafuta hela tu?
Hela tunatafuta pia kaka. Ila mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, walipima kotisoli, homoni ya msongo, kwenye mate ya watu 39 kabla na baada ya dakika 45 za kazi za sanaa. Karibu robo tatu yao ilishuka, na aliyezoea sanaa hakumzidi asiyezoea. Watu 39 ni wachache, sikuapii.

Nitumie rangi ya mafuta ya kopo kama Tingatinga?
Edward Saidi Tingatinga aliyefariki 1972 alipaka rangi za kopo kwenye hadibodi na kazi ile inaheshimika dunia nzima. Lakini zinachelewa kukauka na zinanuka, chumba cha watu kumi waliokuja kupumua hapana.

Naweza kuja na mume wangu?
Njooni, mtakaa meza tofauti. Wanandoa wakikaa pamoja wanasahihishana.

Dada, mtu akianza kulia je?
Inatokea. Msogezee maji, usimuulize mbele za watu, usimwombee kwa sauti. Baadaye kando mwulize kama anataka kuongea. Akikwambia halali wiki ya tatu au anafikiria kujidhuru, hapo sio suala la rangi, msindikize Mirembe siku hiyo hiyo na wala usione aibu kulitaja jina, ndiyo hospitali yetu ya taifa ya afya ya akili, utani wa mtaani achana nao. Na kwenye tangazo lako usiandike unatibu.

Shikamoo dada, wakirudi mara ya pili niwape nini, mbuyu tena?
Marahaba mdogo wangu. Wape michoro ya miambani ya Kolo kule Kondoa, iliyoingia urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006. Watu warefu wembamba na wanyama, wengi kwa rangi nyekundu. Paka karatasi nzima rangi ya mchanga kwanza, nyeupe na njano na chembe ya kahawia, ikikauka wape nyekundu iliyotiwa kahawia na brashi nyembamba tu. Printi picha mbili tatu uweke katikati ya meza, na ile brashi pana ifiche kabisa wasiione.