Jinsi ya kuomba jina la babu yako aliyefia vitani liingie kwenye orodha ya makaburi ya vita

Naandika hii kwa ajili ya watu wa huku kwetu, Dodoma, Bahi, Mpwapwa, Kondoa mpaka Manyoni, maana ukikaa na wazee wa ukoo wowote utasikia kuna babu mmoja alienda na Keya, yani jeshi la Waafrika la Mwingereza, King's African Rifles, hakurudi, na habari inaishia hapohapo. Kwetu wapo wawili. Mdogo wake babu aliondoka vita vya Hitla, baadae ikaja karatasi nyumbani ikawekwa kwenye sanduku la bati, mchwa wakaila nusu na jina lote likaenda, ikabaki namba ya jeshi na herufi S.E.A.C. ambazo miaka yote tulidhani ni jina la kampuni. Kumbe ndo kamandi ya Asia ya Kusini Mashariki, yani Burma. Wa pili ni baba yake babu, mpagazi wa vita ya kwanza, huyo hana hata karatasi.

Wanaohusika ni Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ukiingia mtandaoni andika tu CWGC. Ilianzishwa 1917 kule Uingereza kwa ahadi kwamba kila aliyekufa atakumbukwa kwa jina lake bila kujali cheo wala rangi, ila kwa Waafrika ahadi haikutimizwa, na mwaka 2021 Tume yenyewe ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na wakaomba radhi. Kwaiyo ukituma maombi usijione unaomba msaada, unadai jina la mtu wako.

Kabla ya yote ujue alikua upande gani. Tume inashughulika na waliokuwa upande wa Mwingereza. Kama babu yako alikua askari wa Mjerumani, wa kuandikiwa ni shirika la Ujerumani linaitwa Volksbund, usipoteze muda huku.

Alafu tarehe. Awe amekufa kati ya Agosti 4, 1914 na Agosti 31, 1921 kwa vita ya kwanza, au Septemba 3, 1939 na Desemba 31, 1947 kwa ya pili. Wazee hawana tarehe lakini wana matukio, we uliza hivyohivyo. Bibi yetu mmoja alisema yule mpagazi alichukuliwa kabla ya Mtunya, basi hapo tukajua, maana Mtunya ndo ile njaa ya 1917 mpaka 1920 iliyomaliza watu Ugogo, majeshi yameshachukua nafaka, yameshachukua ng'ombe, na vijana wa kulima wamebebeshwa mizigo. Na hapa Dodoma jeshi la van Deventer, jenerali wa upande wa Mwingereza, lilifika Julai 29, 1916 likitokea Kondoa, kwaiyo ukiunganisha hayo mawili unapata dirisha la mwaka mmoja hivi. Andika kila kitu kwenye daftari, jina la baba yake, kijiji, nani alileta taarifa. Na sio lazima awe amepigwa risasi, kuhara damu au nimonia inahesabika alimradi alikua bado kazini, na wapagazi wengi sana walikufa kwa magonjwa hivyo.

Sasa tafuta kwanza kwenye orodha yao, ni bure na simu yenye bando inatosha. Hapa ndo watu wengi wanakata tamaa mapema. Wanaandika jina la babu kama tunavyoliandika sisi leo, linakuja sifuri, wanafunga. Ndugu yangu, aliyeandika jina lile alikua karani asiyejua Kigogo! Nhonya anaweza kuwa Nonya, ng' inabaki n, l inakua r, na wengi wameandikwa jina moja tu kwaiyo liweke kwenye sehemu ya jina la ukoo. Jaribu na jina la baba yake, jaribu jina la ubatizo, jaribu la utani. Upande wa kikosi weka King's African Rifles, ikigoma jaribu East African Army Service Corps, au wale wa East African Artillery, ambao wengi walizama na meli ya Khedive Ismail Februari 12, 1944. Kuna pia sehemu ya maelezo ya ziada, andika Dodoma au Mpwapwa uone, maana wengine wameandikiwa mtoto wa fulani wa kijiji fulani. Na kama una namba ya jeshi we acha majina, weka namba. Sisi tuliweka ile iliyonusurika na mchwa, akatokea. Herufi tatu za jina lake zimekosewa, lakini ni yeye, jina la baba lipo na kijiji kipo.

Ukimpata soma vizuri mahali alipo. Ikitajwa namba ya kaburi basi amezikwa pale. Ikitajwa ukuta au nguzo basi kaburi halijulikani, limechongwa jina tu. Wetu yuko kwenye Mnara wa Rangoon ndani ya makaburi ya Taukkyan, kule Myanmar, ndo Burma ileile, kwenye majina karibu 27,000 ya watu wasio na kaburi. Wengine wako Nairobi, Ngong Road, na Dar yapo makaburi Barabara ya Bagamoyo ambako mwaka 1968 walihamishiwa 660 waliokuwa wamelala Ocean Road, barabara mpya ilikua inapita.

Kama kweli hayupo ndo unaomba. Tume inataka ushahidi wa vitu viwili, kwamba alitumikia jeshi au kikosi cha wapagazi, na kwamba alikufa ndani ya zile tarehe. Kama alishaachishwa akafia nyumbani lazima uonyeshe kifo kilitokana na utumishi wake, hiyo ni ngumu zaidi ila sio kwamba haiwezekani. Piga picha au skani kila kipande ulichonacho, hata kilicholiwa. Medali za vita ya kwanza angalia ukingoni, jina na namba mara nyingi vimechongwa pale kwa herufi ndogo sana, safisha kwa kitambaa kikavu tu usisugue na mchanga. Nenda Nyaraka za Taifa ukaombe mafaili ya wilaya ya wakati ule, jipange kukaa siku nzima unafungua karatasi. Barua ya mtendaji wa kijiji na kiapo cha wazee mbele ya hakimu au wakili viweke pia, ila usivitegemee peke yake, wanataka karatasi ya wakati ule.

Barua ya maombi iwe kwa Kiingereza, fupi, na karatasi za Kiswahili ziambatane na tafsiri. Anza na majina yake yote na namna zote yanavyoweza kuandikwa, kikosi, mwaka, alikofia, kisha uhusiano wako nae, alafu orodha ya viambatanisho. Unatuma kupitia sehemu ya mawasiliano kwenye tovuti yao. Kama yupo ila amekosewa jina, njia ni hiyohiyo, unaomba marekebisho na kuambatanisha ushahidi.

Hakuna malipo. Nasema kwa sauti maana kuna jamaa alitudai laki na nusu eti ya kufungua faili Uingereza, na mjomba alishaanza kutafuta wa kumuuzia mbuzi.

Wakipokea wanachunguza, wanaweza kupeleka kwa mamlaka ya jeshi inayohusika, na wanaweza kukurudia na maswali, kwaiyo tumia imeli utakayokuwa nayo muda mrefu na umpe neno la siri mtoto mmoja wa ukoo. Wakiridhika jina linaingia kwenye orodha, na kama kaburi halijulikani linatafutiwa mnara. Ya yule mpagazi tumeshatuma, viambatanisho saba, na kila Jumamosi naingia kuangalia kama wamejibu.