Namna ya Kutoa Sadaka Bila Kukatika kwa Mwenye Kipato cha Msimu

Sadaka nyingi hukatika kabla Jumapili haijafika. Pesa imeingia Jumanne, Alhamisi imeshalipa umeme na madaftari ya skuli, na kapu likipita mkono unapapasa mfukoni unakuta sarafu. Kwa hiyo kazi yote iko siku pesa inapoingia. Paulo naye aliwaelekeza Wakorintho watenge mapema (1 Kor. 16:2): siku ya kwanza ya juma kila mtu aweke kando kwake, kwa kadiri alivyopata.

Hatua ya 1: Jua pesa yako huingia lini

Chora miezi 12 kwenye daftari, utie alama miezi minono na miezi mikavu. Wa hoteli za Nungwi na Paje, Zanzibar, huneemeka Julai hadi Oktoba, kisha mwisho wa mwaka. Masika ya Aprili na Mei hoteli nyingine hufunga kabisa. Mkulima wa mwani hulipwa siku ya kupima kilo, na mwenye mikarafuu Pemba husubiri mavuno. Mama lishe naye mchana wa Ramadhani hauzi, na kwa kuwa Ramadhani hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, asitegemee alama za mwaka jana.

Hatua ya 2: Shika asilimia

Kiasi kimoja kwa mwaka mzima kitakuumiza Mei na kitakuwa kidogo mno Agosti. Asilimia hupanda na kushuka pamoja nawe. Ambaye hajawahi kutoa kwa mpangilio aanze na 5, akae nayo miezi mitatu bila kuruka, kisha apandishe moja moja hadi fungu la kumi. Wapo watakaosema kumi ni kumi tangu siku ya kwanza. Hilo kaa na padri au mchungaji wako mlizungumze. Ila mwenye marejesho ya kikoba akianza na kumi, mara nyingi mwezi wa pili huacha kabisa.

Mshahara uhesabu baada ya makato. Karafuu, toa kwanza ujira wa wachumaji, unaolipwa kwa pishi, na gharama ya kufikisha mzigo kituo cha ZSTC, shirika la serikali ya Zanzibar linalonunua karafuu. Bakshishi nazo zimo, na ndizo zinazosahaulika kuliko zote: ziingize kwenye kopo kila jioni, uzihesabu mwisho wa wiki.

Hatua ya 3: Gawa siku hiyo hiyo

Tuseme umepokea 420,000. Asilimia 5 ni 21,000. Tayarisha bahasha tano za 4,000, uandike tarehe ya Jumapili juu ya kila moja. 1,000 iliyobaki ni ya jumuiya, kile kikundi cha waumini wa mtaani kwako. Kwa nini tano? Kwa sababu Jumapili ya tano ndiyo huvunja mipango ya watu, hakuna aliyeitengea kitu. Mwezi wenye Jumapili nne, bahasha ya ziada iwe ya shukrani. Noti vunja mapema, kwani mwenye noti ya 10,000 peke yake asubuhi ya ibada ama hutoa asichopanga, ama hatoi.

Hatua ya 4: Ukiwa zamu Jumapili

Bahasha mpe jirani wa jumuiya, au tuma kwa simu. Ukituma, tuma mara moja kwa mwezi, maana ada ikikatwa kila wiki kwenye 4,000 hula sehemu kubwa. Tumia namba rasmi ya kanisa, usitumie ya kiongozi binafsi hata kama ni mwaminifu, na soma jina linalotokea kabla ya kuingiza namba ya siri.

Hatua ya 5: Ahadi ya mwaka

Kadi za ahadi zikija, chukua sadaka ya mwezi wako mkavu kuliko yote, zidisha kwa 12. Ndiyo ahadi. Kinachozidi miezi minono kitoe kama shukrani. Wenye mke au mume waandike pamoja.

Ukikosa mwezi, usilimbikize deni. Anza na pesa inayofuata.

Kila baada ya miezi mitatu linganisha daftari lako na stakabadhi za mhazini. Hesabu zikigongana, angalia kwanza majina: laini ya simu imesajiliwa kwa jina la mume, bahasha zina jina la mke, na kanisani wanaonekana kama watoaji wawili.