Jinsi ya kuiona hamira ikila sukari, chupa mbili na maputo tu

Dogo wangu wa la sita aliniuliza eti chakula kinageukaje nguvu, nikaanza kumwelezea mambo ya seli, naona ananikodolea macho tu, basi tukahamia jikoni.

Tafuta chupa mbili safi za maji za nusu lita, maputo mawili, sukari na hamira ile ya punje ya kuumulia maandazi. Kila chupa weka maji ya uvuguvugu kama robo hivi na kijiko cha chai cha hamira, halafu sukari vijiko viwili weka chupa moja TU. Tikisa, vika puto mdomoni, acha penye joto. Usifunge kwa kifuniko, gesi ikijaa chupa itapasuka.

Kesi iko kwenye maji. Sisi mara ya kwanza tulimimina ya kwenye chupa ya chai, tukakaa tunasubiri kama daladala ya saa sita usiku, wapi, kumbe tumeshaiua, maana hamira ni kiumbe hai na ikifika nyuzi 60 hivi ndo basi tena. Yawe kama ya kumwogeshea mtoto mchanga, nyuzi 37 hapo.

Mara ya pili, nusu saa haijaisha povu likaanza kupanda na puto la upande wa sukari likaanza kuinuka lenyewe, baadaye likasimama kabisa. Lile lingine lilijinyanyua kidogo mno, hamira huwa ina kaakiba kake mwilini.

Sasa ndo mwelezee. Hamira ni kuvu wa seli moja, anavunja sukari apate nguvu ya kuishi na kuzaliana, anachotoa ni pombe na kaboni dayoksaidi, gesi ile ile inayoacha vishimo ndani ya andazi. Na sisi tunavunja sukari, ila kwa oksijeni, kwa hiyo chembe moja ya glukosi (sukari ya kawaida ya mwilini) inatupa ATP, yaani vipakiti vya nguvu vya seli, kama 30 hivi wakati hamira bila hewa inaambulia 2, ndo maana inafakamia sukari vile. Ukitimua mbio oksijeni isitoshe, misuli nayo inavunja bila hewa ila inatoa asidi ya laktiki, ingekuwa pombe mechi za mchangani zingeisha watu wote wamelewa.

Maji ya chupa ya sukari tuliyakandia unga jioni ile ile, maandazi yakaumuka vizuri tu.