Unaanza pikipiki Goma? Namna ya kujilinda na bamotari ba mbio

Ndugu, kama unaanza tu pikipiki, usishindane na bamotari ba mbio, bale ba kubeba batu na pikipiki, acha bapite. Shika mustari wako kuume, usikate kushoto gafla juu yule wa nyuma ameshahesabu pa kupita. Mbele ya kukata angalia retro (kioo cha kuona nyuma), kisha geuza na kichwa, retro haionyeshi yote.

Rond-point Chukudu, ule muzunguko wa barabara wa hapa Goma, njo mubaya zaidi: mutu anakutupia pikipiki mbele bila kutoa alama yoyote, basi punguza mapema, vidole viwili juu ya freni ya mbele lakini usiikamate kwa nguvu, huu muchanga mweusi wa volkano unatelezesha gurudumu mara moja. Akikukaribia sana usimwangalie yeye, angalia kwenye unataka kupita.

Na kaske (kofia ya pikipiki), tafazali, ufunge mukaba, hata kama unafika tu mu kartie ya Birere.